Kitambaa Kilichochovywa Kabla ya Kilio

Maji yakitoka, mwanga unabaki. Nyuma ya tuta la kuzuia bahari, pale kondoo wanapolisha hata siku za mvua, tope linalala wazi mpaka macho yachoke, na asubuhi jua likiligusa huoni tena ardhi inakomea wapi na mbingu inaanzia wapi. Kuna rangi pale. Si waridi, si kijivu, si dhahabu. Ni hizo zote kwa pamoja, kwa dakika kumi, halafu basi. Jeltje aliitaka rangi hiyo.

Aliitaka kwa ajili ya mtoto wa binti yake, na aliitaka mapema mno. Hapo ndipo kosa lilipo, na mimi sitamfichia.

Maana kwao, wanawake wa ukoo wa Jeltje, kila mtoto anayezaliwa hudariziwa kitambaa cha kitani: jina, tarehe, uzito, kwa misalaba midogo ya uzi, msalaba baada ya msalaba, kisha kinatiwa fremu na kutundikwa ukutani. Kitani wananunua cheupe. Rangi wanatia wenyewe, nyumbani, kwenye beseni. Lakini hakiguswi na maji kabla mtoto hajalia. Hakichovywi, hakikatwi, hakipimwi. Mtoto alie kwanza.

Sababu wanaijua. Kwenye droo ya kabati la Jeltje, chini ya vitambaa vya meza, kimelazwa kitambaa cha kaka yake aliyemtangulia kuzaliwa. Kina jina. Kina tarehe mbili, na kati ya ile ya kwanza na ile ya pili zimepita siku nne tu. Mama yao alikitia samawati akiwa bado na mimba, kwa furaha tu, na hakujisamehe mpaka anaingia kaburini.

Jeltje aliyajua yote haya. Akachovya.

Msimhukumu haraka. Nynke, binti yake wa pekee, aliihangaikia mimba hiyo miaka tisa: miaka tisa ya sindano, ya kuhesabu siku, ya kujifungia chooni na kulia huku bomba limefunguliwa ili mtu asisikie. Mimba ikashika. Ikakaa. Ikafika wiki ya ishirini na nne, na Jumamosi moja ya Machi Jeltje akapanda juu ya tuta, akaikuta ile rangi imelala kwenye tope, moyo ukamjaa, akarudi nyumbani mbio kama msichana, yeye mwenye miaka sitini na mitatu na goti bovu. Akashusha beseni. Akapima unga wa rangi kwa kijiko cha chai, akatia chumvi, akatia magadi ili rangi ishike. Akakikunjakunja kitani, mita mbili nzima, akakifinya kwa vidole ili rangi iingie hapa nyingi, pale kidogo, kitoke na mawingu. Kikatoka na mawingu. Kikatoka asubuhi yenyewe, na Jeltje akapiga makofi peke yake jikoni.

Jumanne chupa ya uzazi ya Nynke ikapasuka. Wiki ya ishirini na tano, hata haijatimia. Gramu mia saba na kumi. Msichana. Fenna.

Na Fenna hakulia. Walimpitisha mrija kooni kabla hajapata nafasi, wakamlaza kwenye mashine ya joto, ndani ya kile kisanduku chenye kuta angavu, mtoto njiti, ngozi nyepesi hata mishipa inahesabika. Mashine ikapumua, yeye akanyamaza.

Tangu siku hiyo: chovya, kamua, anika.

Kwanza alitaka kuitoa rangi. Akakichemsha kitambaa kwenye sufuria kubwa ya jamu. Akakiloweka kwenye dawa ya kutoa rangi, ile inayonuka mayai viza, madirisha yote wazi na baridi inaingia. Rangi ikafifia, haikutoka. Ikishashikwa na magadi haitoki kwenye kitani, na hilo Jeltje alilijua vizuri, amewafundisha nusu ya wanawake wa kijiji. Alilijua, akarudia. Akarudia tena. Mpaka mikono ikababuka, ndipo akakubali kwamba kilichofanyika kimefanyika.

Basi akaanza kuifunika. Samawati juu ya waridi. Kijani juu ya samawati. Maji ya kahawia ya maganda ya kokwa za jozi, yaliyolowekwa tangu vuli, juu ya kijani. Kila asubuhi rangi nyingine, kila asubuhi ombi lilelile, halisemwi kwa Mungu wala kwa mtu, linasemwa kwa beseni: Usife, kidogo changu. Usife leo. Kesho nitakuomba ya kesho.

Chovya, kamua, anika.

Glavu aliacha kuvaa wiki ya pili. Kucha zikawa nyeusi, mistari ya viganja ikajichora. Nyumba ikanuka siki na kitani kilicholowa. Nyuma ya unga, kabatini, paketi ya punje za anisi zilizopakwa sukari ilikaa haijafunguliwa, punje nyeupe na za waridi, zile zinazonyunyizwa juu ya mkate mkavu uliopakwa siagi mtoto wa kike akizaliwa, na majirani wanakuja kula na kucheka. Hakuna jirani aliyekuja kula. Wangesema nini? Hongera? Pole? Walipita na baiskeli zao, wakainua mkono, wakatazama mbele.

Baukje peke yake aliingia, wa nyumba ya tatu, ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo. Akasimama mlangoni, akakitazama kitambaa kinavyotokota.

"Hicho unakipika mpaka kiive, au?" akauliza.

Jeltje akaendelea kukoroga. Baukje akaziona zile kucha. Akaiona paketi nyuma ya unga, maana kabati lilikuwa wazi. Akavua koti bila neno la pili, akashika ncha moja ya kitambaa, Jeltje akashika ya pili, wakakikamua pamoja, huyu kulia huyu kushoto, mpaka tone la mwisho. Kisha Baukje akaenda zake, na inasemekana siku ile hakumsimulia mtu.

Simu ililia kila siku saa tisa mchana. Nynke akitoa habari za wodini kwa sauti kavu, ya mtu anayesoma orodha: leo mapafu, leo damu kidogo kichwani, leo homa, leo wameongeza hewa, leo wamepunguza. Sietse, mumewe, alikuja jioni baada ya kazi. Mchana kutwa Nynke alikaa peke yake kando ya mashine, kwenye kiti cha plastiki. Na kila mara aliuliza, Mama unakuja lini? Na kila mara Jeltje alisema ana kikohozi, hawezi kumletea mtoto maradhi. Akakohoa kidogo, kuthibitisha.

Hakuwa na kikohozi. Alikuwa na mkono. Mkono huu, alijiambia, ndio uliomwita mtoto kabla ya wakati wake. Ukimkaribia utaimaliza kazi. Kwa treni ilikuwa mwendo wa saa moja tu mpaka mjini, hospitalini. Mara mbili alivaa koti, mara mbili alifika kituoni, mara mbili akaiacha treni iende. Alirudi kwa beseni lake, kwa sababu beseni ndilo lililobaki la kulifanyia kitu.

Siku moja Nynke hakusoma orodha.

"Mem," akasema, ndivyo wanavyowaita mama zao huko, "mbona huji?"

"Kikohozi, mwanangu."

"Kikohozi gani cha wiki nne?" Mashine zinasikika zikilia nyuma yake, tii, tii, tii. "Haya. Kaa na kikohozi chako."

Akakata. Kesho yake simu haikulia. Keshokutwa haikulia. Jeltje aliiweka juu ya meza, akageuza kiti kuitazama, akaitazama mpaka giza likaanza kuingia, na mtoto aliye hai na mtoto aliyekufa wote wawili wakakaa ndani ya kimya kile, wala hakuweza kuwatenganisha. Akanyanyuka akatia rangi nyeusi majini. Usife, kidogo changu. Kama umekufa, usife.

Chovya. Kamua. Anika.

Asubuhi ya Jumanne ya tano gari likasimama nje, na ni Nynke, hajatoa taarifa, nywele chafu, viatu havijafungwa kamba. Jeltje alimwona kupitia dirisha la jikoni. Akashika ukingo wa beseni. Macho yakabaki mlangoni.

"Yuko hai, Mem," Nynke akasema toka mlangoni. "Usinitazame hivyo. Yuko hai."

Alikuja kuchukua kitambaa chochote, akaeleza. Mwanga wa wodi ni mkali mno, mtoto hafumbui macho, anakunja uso siku nzima. Shuka za hospitali hazimridhishi mama mtu. Alitaka kitu cha nyumbani cha kuifunika mashine. Manesi wamekubali, ilimradi kifuliwe kwa maji ya moto.

Jeltje akarudi nyuma, mikono mgongoni.

"Usichukue kitu kwangu," akasema. "Nilikichovya, Nynke. Jumamosi ile kabla. Nilikitia rangi na yeye yuko tumboni, nikafurahi, nikapiga makofi, na Jumanne..."

Nynke alikitazama kitambaa kwenye kamba, akaitazama mikono. Usoni hakuwa na huruma. Alikuwa amechoka mno kuwa nayo.

"Wiki tano," akasema. "Wiki tano nimekaa pale peke yangu, nawaambia manesi mama yangu mgonjwa. Kumbe unafua kitambaa."

"Hakulia, mwanangu. Nilichovya, na mtoto hakulia."

"Jana wamemtoa mrija."

"Akalia?"

"Alilia mpaka nesi akacheka. Kasauti kama mlango usiotiwa mafuta."

Jeltje akakaa sakafuni, kwenye maji ya rangi, akalia na yeye, kwa sauti, mdomo wazi, mwanamke ambaye hata mumewe alipozikwa alilia kwa leso. Nynke hakuinama kumshika. Alikwenda kwenye kamba, akakitoa kitambaa vibanio, akakiinua dirishani.

Kilikuwa kizito sasa. Kimechemka mara nyingi, nyuzi zimejikaza, na rangi yake haina jina: ni tope, ni moshi, ni jioni ya Novemba. Mtu hawezi kudarizi juu ya kitambaa kama hicho, matundu ya sindano hayaonekani, jicho litakufa kabla ya herufi ya kwanza.

"Hiki," Nynke akasema.

"Hicho kimeharibika. Hakifai kudarizi."

"Nani kasema kudarizi? Kinatoa rangi?"

Jeltje akainuka. Swali hilo angalau aliliweza. Akachukua leso nyeupe, akailowesha, akasugua kitambaa kwa nguvu zake zote, na leso ikabaki nyeupe. Kikafuliwa kwa maji ya moto, kikapigwa pasi mpaka kikakauka. Garini, nusu ya njia, katikati ya mashamba ya viazi, Nynke akasema bila kugeuza uso:

"Kingine utachovya. Akitoka."

"Si kabla," Jeltje akasema.

"Si kabla."

Wodini Jeltje alinawa mpaka viwikoni, mara tatu, na kucha zikabaki vilevile nyeusi. Nesi akaziangalia, akamwonyesha sabuni kwa mara ya nne, hakumkataza. Hakuna aliyesema mtoto atapona. Daktari alikuwa na neno moja tu, "leo", na hilo alilisema kwa uangalifu.

"Weka wewe, Mem," Nynke akasema.

Alitaka kukataa. Mkono ulikuwa umeshaanza. Akakikunja kitani mara mbili, pembe juu ya pembe, namna anavyokunja mdarizi kila mara kutafuta katikati kabla ya msalaba wa kwanza. Akaipata katikati, akakikunjua, akailaza juu ya mashine, akazishusha pembe pande zote, polepole, kama mtu anayemfunika aliyelala. Tii, tii, tii. Ndani pakaingia jioni.

Wakangoja. Kisha Nynke akainua pembe moja, kiasi cha kupitisha jicho, akampisha mama yake.

Mwanga wa wodi ulikuwa ukipita katikati ya nyuzi. Kidogo, umechujwa na rangi zote za wiki tano, umevuka nyeusi na kahawia na kijani na samawati. Na uliofika kule ndani, kwenye shavu la mtoto, haukuwa mweusi. Ile rangi ya kwanza haikuwa imetoka. Ilikuwa pale chini muda wote. Si waridi, si kijivu, si dhahabu. Ilimlalia Fenna usoni kama inavyolala kwenye tope maji yakitoka, na hapo uso ukakunjuka, na macho yakafumbuka, meusi, makubwa kuliko uso wenyewe, yakatazama.

"Shusha pembe, Mem," Nynke akanong'ona. "Unamwingizia mwanga."

Jeltje akaishusha. Ilikuwa inateleza, basi akaishikilia pale kwa mkono wake, akasogeza kiti kwa mguu, akakaa, na hakuiachia.