Simu ya Kuonea Mikono

Mtaani walimwita Mdomo, na asiyemjua angedhani ni kwa sababu ya umbea. Kumbe mwanamke mwenyewe alikuwa mkimya kama chungu kilichofunikwa. Jina hilo lilitokana na mama yake, aliyezaliwa kiziwi, na tangu binti alipokuwa anang'oka meno ya utoto ndiye aliyemsemea: dukani, hospitalini, kwa mwenye nyumba, kwa fundi bomba. Mama alisema kwa mikono, binti akasema kwa mdomo. Watu wakajibu kwa mdomo, binti akarudisha kwa mikono. Sasa alikuwa ametimiza miaka arobaini na ushee, hana mume wala mtoto, wanakaa wawili katika vyumba viwili juu ya duka la rangi, na kazi hiyo ya kusemea ilikuwa haijampa likizo hata siku moja.

Kazi yake ya mshahara ilikuwa udobi. Alisimama kutwa katika chumba cha nyuma, penye mvuke wa kuziba pua, akipiga pasi mashuka ya hoteli na mashati ya watu wa maofisini. Jioni alipopanda ngazi za nyumbani, mikono ilikuwa mizito kama ameiazima na mwenyewe anaidai. Na mikono hiyohiyo ndiyo aliyotakiwa kuongea nayo, maana mama alikuwa amekaa peke yake mchana kutwa na maneno yamemjaa.

Lakini hakuna lililomchosha kama habari za Mama Mkubwa. Huyu alikuwa dada wa mama, kiziwi kama yeye, aliyekaa mji mwingine kwa binti yake. Dada hao wawili walikua wakilala kitanda kimoja na walikuwa na lugha yao ya mikono, nusu ya shuleni, nusu waliyoitunga wenyewe chini ya shuka. Kusoma hawakufika mbali, kwa hiyo ujumbe wa maandishi haukuwafaa. Magoti yalipowakatalia safari, wakabaki kuongea kupitia mabinti zao. Mama angesema lake kwa mikono, Mdomo angempigia simu binti wa Mama Mkubwa, na yule ndugu angemfikishia Mama Mkubwa. Jibu lingerudi kwa njia ileile.

Yule ndugu walimwita Redio, na yeye jina lilimkaa sawasawa. Akiambiwa neno moja, alilipika, akalitia viungo, akalipakua kwa sahani tatu. Mdomo alikuwa kinyume chake. Mama angeeleza kwa robo saa jinsi paka wa jirani alivyozalia ndani ya kapu la nguo, na jinsi jirani alivyomfukuza, na jinsi paka alivyomtazama. Mdomo angeshika simu, miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto, aseme, "Mwambie hajambo. Paka amezaa." Kwa hiyo habari ilinyolewa upande mmoja na kuvikwa kilemba upande wa pili, na wazee wawili wakaishi hivyo miaka.

Simu ya picha walishaijaribu. Ya Redio ilikuwa nzuri, maana aliuza nguo mtandaoni. Ya Mdomo ndiyo iliyokuwa balaa. Picha iliganda, ikaruka, ikaganda tena, na mkono ukitikisika kidogo tu uligeuka ukungu. Mama aliitazama mara mbili tatu akaisukuma mbali. "Huyu si dada yangu," alisema kwa mikono. "Huyu ni moshi."

Siku moja, kazini, mwenzake anayekunja mashuka alimsikia akimfupishia Redio habari fulani kwa simu wakati wa chakula. Akamuuliza kwa nini wazee wasionane wenyewe. Mdomo akamweleza habari ya moshi. Mkunja mashuka akamwambia asikimbilie simu mpya za bei ya chini, atatupa pesa. Atafute kongwe iliyokuwa ya daraja la juu, iliyofanyiwa ukarabati na mtu mwaminifu. Ya kale dhahabu, alisema, ila uikague meno kwanza.

Jumamosi alianza hata hivyo na duka la simu mpya, kwa kuwa ndilo lililokuwa njiani. Muuzaji alimsifia simu moja mpaka akaishiwa sifa. Mdomo akamwomba airekodi mikono yake ikitembea. Kwenye kioo vidole vilijaa ukungu uleule, ila huu ulikuwa ukungu mpya wenye dhamana ya mwaka. Akashukuru, akatoka. Kizuri chajiuza, alijisemea, na magoti yakamuuma kushuka ngazi za duka.

Kibanda cha simu zilizokarabatiwa kilikuwa nyuma ya stoo ya vifaa vya umeme. Fundi alikuwa mama mtu mzima, miwani imefungwa kwa uzi, mezani kwake bisibisi ndogondogo na trei ya skrubu. Naye alionekana mchovu. Hakusifia kitu. Alimuuliza mteja anataka simu ya kufanyia nini, na alipoambiwa ni ya kuonea mikono ya viziwi, alifungua droo na kutoa simu nyeusi, nzito, pembe zake zimechakaa.

"Ya zamani hii," alisema. "Enzi zake ilishikwa na mabosi tu. Mabosi wamehama, simu imebaki."

Alimweleza ilivyo bila kuficha. Betri ameibadilisha yeye mwenyewe. Kioo ni kilekile ilichotoka nacho kiwandani. Mgongoni ina mkwaruzo, na kampuni iliyoitengeneza haitaihudumia miaka mingi ijayo. "Sikudanganyi, dada. Ni mzee. Ila macho yake mazima."

Akaielekeza kwa Mdomo, akamwambia aseme chochote kwa mikono. Mdomo akasema la kwanza lililokuja. Walipoitazama picha, kila kidole kilionekana, mpaka alama ya pasi iliyomchoma miaka ya nyuma. Uso nao ulionekana. Hakuwa amejiona hivyo kwa muda mrefu, kwa sababu kioo cha nyumbani kilikuwa kidogo na chenye kutu. Macho yalikuwa yameingia ndani kama ya mtu aliyetoka kuuguza.

"Umesema nini hapo?" fundi aliuliza.

"Nimesema nimechoka."

Fundi akaitikia kwa kichwa kama anayeijua lugha hiyo vizuri, akatafuta chaja inayoifaa, akampunguzia bei kidogo bila kuombwa.

Siku iliyofuata, mchana, Mdomo aliisimamisha simu mezani, ikaegemea kopo la sukari, akampigia Redio. Kioo kikafunguka, na Mama Mkubwa akaonekana ameketi, kitambaa kichwani, mikono magotini. Mama aliinama karibu. Aligusa kioo kwa kidole, kwenye shavu la dada yake. Kisha mikono ikaanza.

Mdomo alikaa kwenye kochi pembeni. Hakutakiwa kusema lolote. Alisikia viganja vya mama vikigongana, pumzi yake, ile sauti ya kooni anayoitoa akicheka bila kujua kwamba anaitoa. Jua lilikuwa dirishani, na mwili wake ukaanza kulegea kama nguo iliyotolewa kambani. Akajiambia kumbe hivi ndivyo watu wanavyokaa nyumbani kwao.

Alizinduliwa na kiganja kikipiga meza. Mama alikuwa amemgeukia.

"Dada yangu alilazwa hospitali mwezi mzima," mikono ilisema. "Mguu wake ulitaka kukatwa. Uliniambia nini wewe?"

Mdomo alikumbuka vizuri alichosema. Redio alikuwa amempigia akilia, na yeye alikuwa ametoka kupiga pasi mashuka ya kongamano zima. Alipofikiria kumweleza mama, kumshika akilia, kumzuia asianze safari, kuomba ruhusa kazini, aliona mlima. Akamwambia mama kwamba Mama Mkubwa ana homa kidogo, anaendelea vizuri. Aliazimia kusema ukweli kesho yake. Kesho ikawa na mashuka yake, mguu ukapona taratibu, na neno likabaki lilipobaki. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Hapa maradhi yalikuwa ya mwingine, na aliyeumbuka ni yeye.

Wala hayo hayakuwa yote. Kwenye kioo Mama Mkubwa naye alikuwa amemkazia Redio macho. Miezi yote ile Redio alikuwa akimwambia kwamba mdogo wake anakuja, amekwisha funga mizigo, mwezi ujao bila shaka. Alisema hivyo kumpa moyo. Mama Mkubwa alikuwa ametandika kitanda cha pili, na kila wiki alikitandua, akakitandika upya. Mama hakuwahi kuahidi kwenda. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna kitanda kinachomngoja.

Wazee wale walitazamana kupitia simu ile ya mabosi. Kisha Mama Mkubwa akasema jambo kwa ile lugha yao ya chini ya shuka, ambalo Mdomo hakulielewa, na mama akajibu kwa hiyohiyo. Wakaagana.

Mtu anayesikia akikasirika hununa, akanyamaza. Mama yeye alifumba macho. Kiziwi akifumba macho hakuna mlango wa kubisha. Jioni ile Mdomo aliandaa chakula, akamgusa bega, na mama akala akitazama sahani tu. Kesho yake ikawa vivyo hivyo, na kesho kutwa. Mdomo alikuwa ametamani miaka mingi jioni isiyo na maneno. Sasa amepewa, na haikumpumzisha hata kidogo. Kazini aliunguza shati la mteja, jambo ambalo halikuwa limemtokea tangu ajifunze kazi.

Jioni ya siku hiyo hakuvua hata viatu. Alipiga magoti mbele ya kiti cha mama, akaweka mikono yake juu ya mapaja ya mzee, akangoja. Mama alifumbua macho, labda kwa kuhisi uzito wake.

"Nilikosea," Mdomo alisema kwa mikono. "Nilichoka, nikaona nikifupisha nitapumzika. Nimechoka, mama."

"Umenichoka mimi?"

Aliifikiria kwanza. Hakutaka kumpa jibu lililonyolewa.

"Nimechoka kuwa mdomo wako."

Mama alimtazama kama anayemkagua mtoto aliyetoka kuanguka. Mikono yake ilipoinuka ilikwenda polepole.

"Na mimi nimechoka kusema kwa mdomo wako. Nasema mengi, watu wanacheka kidogo. Najiuliza kama maneno yangu ni mabaya au wewe unayala njiani."

"Nayala njiani," Mdomo alikiri.

"Hata ya paka?"

"Ya paka yote."

Sauti ile ya kooni ikamtoka mama, kidogo tu, kisha akafuta macho kwa upande wa kiganja. Hakusema kwamba amesamehe. Alisema anakwenda kwa dada yake, na simu anaondoka nayo, kwa kuwa barabarani huenda akahitaji kuona mtu. Mdomo akataka kuuliza nani atamsemea safarini, lakini akaona jinsi mama alivyoketi, akameza swali lake.

Akamsindikiza. Mama alipanda gari akiwa na begi moja na kapu, magoti yamefungwa bandeji, na kondakta alipomuuliza kitu alimwonyesha tiketi, kisha, kwenye simu, picha ya mahali anaposhukia aliyoipiga Redio. Gari likaondoka. Mdomo alirudi nyumbani akalala hapohapo kwenye kochi, nguo za kazi mwilini, mpaka asubuhi, na alipoamka bado alikuwa amechoka. Akaelewa kwamba uchovu wa miaka hauondoki kwa usingizi mmoja.

Wiki zikapita. Simu ya kwanza, aliyobaki nayo Mdomo, haikuweza kumwonyesha mama zaidi ya ule moshi, kwa hiyo Redio alimpigia kumpa habari. Mama anasema hivi, Mama Mkubwa kajibu vile, wamecheka mpaka jirani kaja kuuliza. Mdomo alimsikiliza kidogo, halafu akamkatiza kwa upole.

"Usiniambie, dada yangu. Na mimi sitakuambia. Nikipata ruhusa nitakuja nione mwenyewe."

Redio alinyamaza, jambo lililokuwa geni kwake. Akasema sawa, hata yeye sauti imemkauka.

Mdomo alipata ruhusa ya siku tatu kwa shida, baada ya kubembeleza msimamizi na kuahidi kufidia. Alifika adhuhuri. Redio alimfungulia mlango, wakakumbatiana, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemwuliza mwenzake, "Anasemaje?" Akamwonyesha tu jikoni.

Wazee walikuwa mezani, mguu wa Mama Mkubwa umeinuliwa juu ya kigoda, bakuli la maharage yasiyochambuliwa limesahauliwa katikati yao. Mikono ilikuwa inaruka. Mama alimwona binti yake, akamvuta kwa kiuno, akambusu, akamsukumia kiti, kisha akarudi kwenye mazungumzo kabla hayajapoa. Mdomo akaketi. Alielewa nusu. Palikuwa na habari ya mwalimu mmoja wa zamani, ya gauni lililoibwa, na ya mtu fulani aliyekuwa na masikio makubwa lakini hakusikiliza.

Akavuta bakuli, akaanza kuchambua maharage. Hakufika mbali. Kichwa kilimshuka, kidevu kikagusa kifua, mkono ukabaki ndani ya bakuli. Mama Mkubwa alimwonyesha kwa kidole, akauliza mtoto huyu ana nini. Mama akageuka, akatazama. Safari hii alijibu kwa mikono iliyoshushwa mpaka usawa wa meza, kana kwamba hata mikono inaweza kumwamsha mtu.

"Mwache," alisema. "Ametoka kazini."