Alimwagiwa au Alimwagikiwa

Mama alikataa kuvua koti. Ofisi ya wakili hapa ughaibuni, Markham, ilikuwa na joto la kuumua unga, lakini yeye alikaa amelifunga mpaka shingoni, mkoba mapajani. Nikamwambia, "Mama, vua basi." Akajifanya hasikii.

Dada yangu mkubwa Sabreen alikufa kwa kuungua, jikoni kwa mumewe, Rajkot, India. Kabla hajapoteza fahamu alimpigia Mama simu. Alisema kwa Kiswahili, lugha yetu ya Tanga ambayo hakuna mtu mzima mle ndani aliyeielewa: "Mama, nimemwagiwa mafuta." Simu ikakatika. Hakusema "nimemwagikiwa". Yeyote aliyekulia Kiswahili anajua tofauti. Ukimwagikiwa, ni ajali, mafuta yamemwagika yenyewe. Ukimwagiwa, kuna mkono wa mtu. Kinachomtenganisha shemeji yangu Imtiaz na jela ni hiyo "ki" tu.

Polisi wa kule bado wanapeleleza. Lakini maelezo anayotoa shahidi kwa polisi pekee hayana uzito mkubwa, kwa hiyo kule shahidi hupelekwa kwa hakimu, akaapishwa, na maneno yake yakaandikwa kama alivyoyatamka, ili baadaye asije akageuzwa. Mama hawezi tena kusafiri, magoti yamekwisha, na hakimu alikubali kumsikiliza kwa video. Bi Katunge, Mkenya wa mji jirani wa Pickering, aliapishwa kuwa mkalimani. Mama angeweza kujieleza kwa Kigujarati, ila hakimu alitaka neno lenyewe lililotoka kinywani mwa marehemu.

Imtiaz alipopata habari, alipiga simu. Ana upole fulani wa kuudhi. "Mama, sema tu kwamba mafuta yalimwagika yenyewe," alisema kwa Kigujarati. "Ukisema vingine, Zaira hamtamwona tena."

Zaira ni binti wa Sabreen. Ana miaka saba, na anaishi na huyo huyo.

Tangu siku ile Mama hakupata usingizi wa maana. Nilikuwa namkuta amesimama mbele ya sinki, bomba linamwaga maji bure, anajisemea, "Nimemwagiwa, nimemwagikiwa." Siku moja akanigeukia. "Shelina, aliyekufa amekufa. Aliye hai ni mtoto." Nikamjia juu. Nikamwambia akidanganya atakuwa amemzika Sabreen mara ya pili. Nilitaka Imtiaz aozee jela. Bado nataka.

Pale kwa wakili, skrini ikawaka. Hakimu alikuwa mwanamke mwenye miwani, na juu yake feni ilikuwa inazunguka. Kwanza aliamuru watu wote watoke, abaki Mama na mkalimani wake. Nikiingia, alisema, kila kitu kitaanza upya. Nilipokuwa naufunga mlango nikamsikia Bi Katunge: "Mama, hakimu anauliza, kuna mtu amekutisha ama kukuahidi kitu ndio useme haya ya leo?"



"Hapana," Mama akasema.

Kama ameanza kwa uongo, nikawaza, basi atamalizia kwa uongo. Nilibandika sikio ukutani bila aibu, na karani wa wakili akawa ananitazama.

"Sasa sema vile binti yako alisema kwa simu. Vile vile."

"Alisema, 'Mama, nimemwagiwa mafuta.'"

"Rudia polepole, mama. Hakimu anataka kuandika vizuri."

"Ni-me-mwa-gi-wa." Sauti ya Mama ikapanda, ikapasuka. "Hakuna 'ki' hapo! Mwambie asiweke 'ki'!"

Nikalia pale pale kwenye korido, nikiwa na fahari na hofu kwa pamoja. Simu yangu ikatetemeka mkononi. Ilikuwa namba ya Imtiaz, lakini sauti ilikuwa ya Zaira.

"Mama mdogo, Baba anasema nikuulize. Bibi amesema mama alimwagiwa au alimwagikiwa? Mimi ndiye nimemfundisha tofauti. Yeye hajui Kiswahili."

Nilisikia pumzi za mwanamume karibu na simu. Nikakimbilia kwenye lifti, mbali na ukuta ule, maana Mama alikuwa bado anapaza sauti.

"Alimwagikiwa," nikasema. "Mwambie baba yako. Bibi amesema alimwagikiwa."

Mtoto akamtafsiria. Imtiaz akacheka kidogo na kumsifu kwamba ana akili sana. Nilijua uongo wangu hautafika mbali, utaishi mpaka wakili wake apate nakala ya maelezo ya Mama. Sikuwa na kingine cha kumpa mtoto yule.

"Lakini mama mdogo," Zaira akasema, bado kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusahihisha, "Bibi amekosea. Mama hakumwagikiwa. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilimwona Baba ameshika—"

"Nyamaza!"

"Kweli, mama mdogo. Niliona."

"Najua ni kweli. Nakuomba, mwanangu, nyamaza. Usimwambie mtu yeyote. Usiseme tena, hata kwa Kiswahili."

Nikamsikia Imtiaz akimuuliza, kwa Kigujarati, kwa upole wake ule ule: mama yako mdogo anapiga kelele za nini?



"Anasema ananipenda," Zaira akamjibu.