Mikono Kwenye Vitasa

Kila asubuhi, kabla birika la jikoni halijachemka, Dada Deki alipita kwenye korido ya ghorofa ya pili akifungua vitambaa. Jengo lilikuwa la wanawake waliokimbia makwao na kuomba hifadhi, na wanawake wa ghorofa hiyo walikuwa na kawaida yao. Kabla ya kulala, walichukua kipande cha shuka kuukuu, wakafunga ncha moja kwenye kitasa cha mlango huu na ncha ya pili kwenye kitasa cha mlango unaotazamana nao. Mlango mmoja ukisukumwa, wa pili ulitikisika na mwenye chumba akaamka. Makomeo ya ndani yaling'olewa zamani kwa amri ya uongozi, eti kwa hofu ya moto. Vitambaa navyo vilikatazwa kwa hofu hiyohiyo. Kwa hiyo Deki, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga deki na kung'arisha vitasa kwa siki, alivifungua kimoja kimoja kabla Meneja hajapita kukagua, akavikunja na kuvificha ndani ya ndoo, chini ya matambara.

Asubuhi hiyo, kitambaa cha Kitinda kilikuwa kimekatwa kwa kisu. Juu ya kitasa chake palikuwa na mkono.

Ulikuwa mkono wa kulia wa mwanamume, umeishia pale ambapo mkono wa shati huanzia. Haukuwa na damu. Ulikuwa umeshika kitasa taratibu, kama mtu asiyetaka kipige kelele. Kwenye kidole kimoja palikuwa na pete ya fedha yenye jiwe la kijani, na ukucha wa kidole cha mwisho ulikuwa umefugwa mrefu. Deki alichovya tambara kwenye siki akafuta sehemu ya kitasa iliyobaki wazi. Kisha akavifuta na vile vidole, maana vilikuwa na jasho.

Ndani, Kitinda alikuwa amekaa kitandani na viatu miguuni. Walimwita hivyo kwa kuwa ndiye mdogo kuliko wote. Alikuwa akitazama ukuta.

"Umeamkaje, mdogo wangu?" Deki akauliza.

"Sijalala," Kitinda akasema.

Mlango wa pili ukafunguka. Msusi, aliyekuwa akiishi mkabala na Kitinda na kusuka nywele za jengo zima, alitoka na mswaki mdomoni. Aliutazama mkono, akautazama mkia wa kitambaa uliobaki kwenye kitasa chake, akautoa mswaki.

"Huo wa Meneja," alisema.

"Unafanana."

"Ufanane nini? Ndio wenyewe. Pete hiyo naijua, aliniwekea mkono begani siku ya kugawa sabuni." Povu la dawa ya meno lilikuwa likimdondokea kwenye nguo, naye hakulifuta. "Nililala kama gogo, Deki. Hapa hapa. Nililala kama gogo."

Meneja alipopita kukagua alikuwa na mikono yake yote miwili, wa kulia umeshika funguo na wa kushoto umeshika kikombe cha chai. Alisimama mbele ya mlango wa Kitinda, akainama kidogo.

"Nani kaacha kitu hapa?"

"Hakitoki, bosi," alisema Deki.

"Basi kipakae siki kama vingine." Akaendelea na safari yake.

Fundi seremala aliitwa. Alijaribu bisibisi, akajaribu kuvikunjua vidole, mwisho akang'oa kitasa chote pamoja na mkono wake na kufunga kipya. Cha zamani alikitia kwenye mfuko wa vifaa. Kesho yake asubuhi mkono ulikuwa kwenye kitasa kipya, na fundi alipofungua mfuko wake alikuta kitasa kitupu.

"Ungekuwa wa mbao ningejua la kufanya," alisema, akadai nauli yake.

Baadaye mkono mwingine ukatokea kwenye mlango wa mama aliyekuwa na mtoto mchanga. Kisha kwa Shangazi. Shangazi alikuwa na umri wa kumzaa Meneja na goti bovu, na kila mtu pale alimwamkia. Asubuhi hiyo alipokea shikamoo zao zote bila kuitikia hata moja. Alikuwa amekaa mezani na chai yake mbele yake mpaka ikafanya utando juu.

"Nimevuka mipaka miwili kwa miguu hii," alisema hatimaye, akiiambia chai. "Nilidhani nimefika."

Hapo ndipo Msusi alipowaita wote kwenye chumba cha kufulia. Waliwasha mashine tupu, zingurume, watu wa chini wasisikie. Kikao kilikuwa kifupi.

"Tunataka mambo mawili," alisema Msusi. "Makomeo yarudi, na yeye aondoke. Tunaita makao makuu, waje waone kwa macho yao. Wakitaka kutufukuza, watufukuze ghorofa nzima, watapata kazi ya kubeba magodoro. Nani mwingine ana mkono mlangoni?"

Akawatazama mmoja mmoja.

"Deki? Kwako?"

"Kwangu kuna taulo tu," alisema Deki, na kuendelea kukunja shuka ambalo alikwisha kulikunja.

Ilikuwa kweli kwamba kwenye kitasa cha Deki, mwisho wa korido, palikuwa na taulo la bluu. Lilining'inia hapo tangu wiki aliyopewa kazi. Watu walidhani analianika. Deki alikuwa na binti aliyemwacha kambini na bibi yake; binti huyo angeruhusiwa kuja siku karatasi za hifadhi za mama yake zitakapotoka. Na kabla karatasi za mtu hazijatoka, Meneja aliulizwa tabia ya mtu huyo. Deki alilifikiria jambo hilo kila alipofungua mdomo, akaufunga.

Makao makuu walimtuma mama mmoja mwenye sauti ya upole na viatu visivyolia. Aliwasalimia wote. Alitembea kwenye korido, Meneja akimfuata nyuma na Deki akiwa na ndoo yake pembeni. Mbele ya kila mkono alisimama, akaugusa kwa ncha ya kalamu. Vidole vilijikunja kidogo, kama vya mtu aliyetekenywa.

"Ni wa kwako?" akamuuliza Meneja.

"Unaonekana wa kwangu," alisema Meneja. "Huwa nakagua kama kuna anayepika chumbani. Majiko ya umeme haya, mama, yatatuunguza."

"Usiku?" akauliza Msusi.

"Kwani moto una ratiba, dada?"

Yule mama aliinama kila mlango, akachungulia upande wa pili, akarudi.

"Naona mikono yote iko upande wa nje," alisema kwa upole. "Hakuna hata mmoja ulio ndani. Mtu kushika kitasa ni sehemu ya kazi yake. Sisemi kwamba hamkuumia. Nasema kile ninachokiona."

Shangazi alitafuta ukuta kwa mkono mpaka akaupata. Kitinda alivua kiatu kimoja, akakitazama ndani, akakivaa tena.

"Basi nashukuru kwa ushirikiano," yule mama akasema, akampa Meneja mkono.

Meneja alipoubana mkono wa mgeni, mikono yote ya korido ilibana vitasa vyake. Vitasa vikashuka, milango ikajifungua polepole: wa Kitinda, wa mama mwenye mtoto, wa Shangazi. Mwisho wa korido ukafunguka wa nne. Taulo la bluu likateleza, likaanguka sakafuni. Chini yake palikuwa na mkono wenye pete ya jiwe la kijani, umekauka na kupasuka ngozi kuliko mingine, maana ulikuwa umepakwa siki kwa muda mrefu.

Watu wote waliutazama. Kisha wakamtazama Deki.

"Na hicho ni chumba cha nani?" akauliza yule mama.

"Changu."

"Una la kusema, mwanangu?"

Deki alisikia maji yakidondoka kutoka kwenye tambara lake. Meneja alikuwa akimtazama kama mtu anayengoja kuletewa chumvi mezani.

"Taulo limeanguka," alisema Deki. Akaenda kuliokota.

Majibu ya makao makuu yalibandikwa karibu na ngazi. Meneja angeendelea na kazi. Makomeo yasingerudi, kwa hofu ya moto. Mkazi asiyependa kugusa mkono akifungua mlango wake angepewa glavu za mpira, na wakazi waliombwa wasitundike nguo kwenye mikono hiyo. Watu walizoea. Mtoto mchanga aliupenda ule wa mlangoni kwao kwa sababu ya jiwe la kijani, na mama yake alimbeba upande mwingine. Msusi alishona vitambaa vipya na kutia waya ndani, ili kisu kikwame. Alimgawia na Deki kimoja, bila kumuuliza kitu.

"Shika, shoga," alisema. "Cha kwako nimekifanya kinene."

Asubuhi iliyofuata Deki alivifungua kama kawaida. Vyote vilikuwa vizima. Alipofika kwa Kitinda, Meneja alikuja na chai yake, akautazama mkono, akatoa kikata kucha mfukoni.

"Zimekuwa ndefu, zinachukiza," alisema. "Ukimaliza siki, pita uzikate zote."

Deki akakipokea kikata kucha. Kilikuwa na joto la mfuko.

"Na za mkono wa ndani?" aliuliza.

"Wa ndani upi?"

"Wa kushoto. Uko kwenye mto wangu, umelala pale pa mdomo. Nimeuvalisha foronya."

Mlango wa Msusi ulikuwa wazi tayari. Wa Shangazi nao ukafunguka, safari hii na Shangazi mwenyewe. Meneja alikihamisha kikombe kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia, akapuliza chai yake, akanywa kidogo.

"Maliza kazi, Deki," alisema. "Wiki hii wataniuliza habari zako."

"Waambie," alisema Deki, na sauti yake ilikuwa kubwa mpaka Kitinda akatoka, miguu mitupu. "Waambie uliingia chumbani kwangu. Nilikwambia usiingie, ukaingia."