Sauti ya Nne ya Mwalimu Saulo

Ujumbe wa Liberatus uliingia kwenye kundi la walimu wa muziki Alhamisi saa nne asubuhi, Amos akiwa darasani Rujewa, akiwafundisha kidato cha pili kuhesabu mapigo. Mwalimu Saulo amefariki. Maziko Jumamosi, Mafinga. Chini yake ukafuata mwingine: "Wimbo wake wa mwisho tutauimba kaburini. Kila mtu aje na sauti yake. Tekla, ya kwanza ipo? Pendo, ya pili? Ya tatu ninayo mimi. Amos, ya nne?"

Tekla akajibu ipo. Pendo akajibu ipo. Amos alikaa na simu mkononi mpaka wanafunzi wakaanza kupiga soga, kisha akaandika neno moja: "Ninayo."

Hakuwa nayo. Iliungua kwenye jiko la mkaa miezi miwili nyuma, na aliyeichoma ni yeye mwenyewe, akiwa na akili zake timamu.

Ubaya wa jambo hili hauonekani mpaka umjue marehemu. Somo la muziki liliporudishwa mashuleni, wakuu wa shule walifanya kama kawaida yao: yeyote aliyewahi kuonekana kwenye kwaya alipewa kipindi. Watu wakaingia darasani na kinanda kibovu na kitabu kimoja kisicho na jalada, kila mmoja kivyake, akiona haya kuuliza. Mwalimu Saulo alikuwa ameshastaafu. Angeweza kukaa kwake Mafinga akapalilia mahindi. Badala yake alianza kuwafuata shule kwa shule, kuanzia Iringa mjini hadi Mbeya, na kila likizo akawaita kwenye semina ya siku mbili, wakalala kwenye mabweni ya wanafunzi na kula ugali wa kupanga foleni.

Alikuwa na utaratibu mmoja uliowakera wote. Hakumpa mtu wimbo mzima. Kila sauti aliiandika kwenye karatasi yake, kwa mkono, kwa noti za solfa, akaitia kwenye bahasha. Sauti ya kwanza kwa huyu, ya pili kwa yule. Kisha rasimu aliichana mbele ya macho yao. Kupiga picha ilikuwa marufuku.

"Nikiwapa sauti zote nne mtajifungia na wanafunzi wenu, hamtaonana mpaka Yesu arudi," alikuwa akisema. "Ukitaka kuusikia wimbo, mtafute mwenzako."

Wakanung'unika, lakini wakatafutana. Tekla wa Ubaruku, aliyekuwa hajui noti hata moja, alizijulia kwa Pendo wa Iringa. Pendo akapata vitabu kwa Liberatus wa Mbeya. Watu waliokuwa wakiona haya sasa walipigiana simu hata kwa misiba na harusi.

Amos ndiye aliyekuwa na kipaji kuwashinda wote, na alilijua hilo kupita kiasi. Mwezi wa tatu ilitangazwa nafasi ya mwezeshaji wa semina wa kanda, na ilihitaji barua ya Mwalimu Saulo. Mzee alimwita pembeni. "Mwanangu, noti unazisoma kuliko mimi. Lakini wenzako huwasikilizi. Ngoja kwanza." Kisha akampa bahasha, juu imeandikwa: sauti ya nne.

Amos aliliona hilo tusi juu ya tusi. Sauti ya nne! Kunguruma kule chini huku utamu wote wanaupata wengine. Alirudi Rujewa hasira zimempanda, akaitupa bahasha juu ya kabati bila kuifungua. Jumapili moja mkaa ulikuwa na unyevu, jiko likagoma kuwaka. Akanyoosha mkono juu ya kabati, akaisukuma bahasha chini ya mkaa kama ilivyo. Maharage yakaiva, akala, akalala usingizi wake. Angeisoma mara moja tu, angekuwa nayo kichwani mpaka leo, maana hivyo ndivyo alivyojaliwa.

Ijumaa alimpigia Tekla, akamwomba amwimbie sauti yake eti wazoeane. Tekla, mtu mwema asiye na shaka na mtu, akaimba yote kwenye simu. Amos akaketi na kalamu, akaitunga sauti ya nne kwa kuifuatisha ile ya kwanza. Mapenzi ya mzee kwenye muziki aliyajua, na mahali alipopenda kushuka na kupumzika. Tuseme ukweli, ilitoka nzuri. Aliinakili vizuri kwenye karatasi safi, akaitia mfuko wa koti, na Jumamosi akafika Mafinga akiwa amejipa moyo.

Uani kulikuwa kumejaa. Bondeni chini ya nyumba mashine ya kupasua mbao ilikuwa ikiendelea na kazi, maana mwenye nayo si mtu wa huku na hakuna aliyemfuata kumwambia. Wanne wale walijitenga nyuma ya jiko la nje, wakajaribu ubeti wa kwanza kwa sauti ndogo. Ukakaa sawasawa. Liberatus alijifuta macho kwa kiganja.

"Sasa ubeti wa tatu," Tekla akasema, akionyesha karatasi yake. Kwenye mistari ile noti hazikuwapo, ila nafasi tupu, moja baada ya nyingine. "Kwenye simu hapa niliparuka. Sisi wote watatu tunanyamaza mapigo thelathini na mawili, wewe unaimba peke yako. Kisha tunaingia wote na amina."

Amos aliirudisha karatasi yake mfukoni.

"Hiyo tusiifanyie mazoezi," Liberatus akasema. "Itoe pale pale, Mwalimu. Na sisi tuisikie kwa mara ya kwanza."

Kabla Amos hajajibu, akaja mama mmoja kumwita: mjane anamhitaji ndani.

Mama Veneranda alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, wanawake wamemzunguka. Amos akapiga goti, akamwamkia.

"Kamwene, mama. Pole sana."

"Kamwene, mwanangu. Sogea." Akapunguza sauti. "Yule mwenzangu unamjua. Maneno ya kumwambia mke alikuwa hana. Miaka thelathini na nane, ni chai iko wapi, koti langu liko wapi. Basi, juzi kabla hawajamlaza hospitalini, akaniambia, nimekuandikia kitu. Nikasema kilete. Akasema hapana, kipo kwa Amos, sauti ya nne, ubeti wa tatu, utakisikia siku watakayouimba."

Amos alitazama mkeka.

"Nikamwambia, kwa Amos tena? Si alikukasirikia yule? Akacheka. Akasema zile zingine angempa yeyote, ila hiyo inataka mtu wa kusimama peke yake bila kutetemeka, na huyo ni Amos tu." Akamshika mkono. "Uimbe pole pole, mwanangu. Siku hizi sisikii vizuri."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Angesema, "Mama, niliichoma." Maneno mawili. Wanawake wangeshika vichwa, Liberatus angemtukana, jina lake lingechafuka kuanzia Mafinga hadi Mbeya, na jioni ingefika kama jioni zote. Aliyahesabu yote hayo akiwa amepiga goti pale, mkono wake bado umeshikwa.

"Sawa, mama," akasema.

Kaburini mvua ilikuwa imeacha udongo mzito. Jeneza la mbao za msindano likashushwa, mchungaji akamaliza, Liberatus akawapa sauti. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Amos aliimba uongo wake, na uongo ukashikamana na kweli za wenzake pasipo ufa. Huku akiimba alikuwa akitafuta maneno. Tuni angeitoa papo hapo, hilo halikumsumbua. Lakini maneno? Kughushi noti alikwishaghushi. Kumtilia marehemu maneno mdomoni, amwambie mkewe asichomwambia, hata Amos aliona kwamba hilo hawezi kulifanya.

Wale watatu wakanyamaza, wakamgeukia.

Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akaufunga. Bondeni ile mashine ikang'ata gogo, ikalipasua mwanzo mpaka mwisho, ikaanza lingine. Mama Veneranda alikuwa amesogea mbele, ameinamisha kichwa, sikio la upande mzuri amelielekeza kwake, mkono nyuma ya sikio. Amos alihesabu. Alikuwa mwalimu, hakukosea hata pigo moja. Kwenye la thelathini na mbili akatikisa kichwa, wote wakaingia na amina, na watu wakalia.

Liberatus alimfikia wa kwanza. "Imekuwaje pale?"

"Ndivyo alivyoandika," Amos akasema. "Kimya."

Liberatus akashika kichwa kwa mikono miwili. "Yule mzee! Yaani watu wote tunanyamaza! Hakuna mtu kanda hii angewaza kitu kama hicho." Akaenda kumweleza mchungaji, mchungaji akawaeleza wengine. Tekla peke yake alibaki pale pale. Alimtazama Amos, kisha akaikunja karatasi yake ndogo ndogo.

Mama Veneranda akaja ameshikwa mkono na dada yake.

"Hata neno moja, mwanangu?"

"Aliandika kimya, mama."

Akalitafakari hilo. Uso wake haukubadilika sana, ulichoka tu.

"Basi naomba hiyo karatasi. Nikae nayo. Si mwandiko wake?"

Karatasi ilikuwa mfukoni mwa koti, kifuani, na mwandiko ni wa Amos kuanzia noti ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Nimeiweka kaburini, mama. Niliidondosha juu ya jeneza. Niliona ndiyo heshima."

Mjane akaligeukia tuta. Vijana walikuwa wakilipiga kwa migongo ya majembe ili likae vizuri.

"Basi amekwenda nayo," akasema, na dada yake akamwongoza kurudi nyumbani.

Mwezi wa saba Amos alipata uwezeshaji wa kanda. Barua aliandika Liberatus, kwa niaba ya wenzake, na ndani yake aliweka kwamba Mwalimu Amos amejifunza kuwasikiliza wengine. Semina ya kwanza ilifanyika Mbeya, walimu arobaini, na waliomba wafundishwe ule wimbo. Safari hii sauti zote nne zilitolewa nakala, kila mtu akapata wimbo mzima, hakuna aliyehitaji kumtafuta mwenzake.

Mwalimu mmoja kijana kutoka Tukuyu alinyoosha mkono. "Pale ubeti wa tatu, Mwalimu, hatuwezi hata kuvumisha kidogo? Pako patupu mno."

"Hapana," Amos akasema. "Hesabuni tu."

Akaanza kugonga meza kwa kidole, moja, mbili, tatu, nne, na walimu arobaini wakanyamaza vizuri kama walivyoagizwa.