Macho ya Kaka Kwenye Kitambaa

Katika mchezo wetu kaka yangu ana urefu wa mita tatu na hana mgongo. Ni mwanga tu, unaotoka kwenye projekta na kutua juu ya kitambaa cheupe nyuma ya jukwaa. Mimi ndiye ninayetoka jasho.

Kikundi tulikianzisha sisi wawili tulipomaliza chuo. Kisha akapata kazi ng'ambo, na kwa kuwa sehemu ya ndugu wanaoagana ndiyo roho ya mchezo, alirekodiwa siku mbili kabla ya safari. Anasema, ananyamaza, mimi najibu, anaendelea. Ukichelewa, filamu haikungoji.

Kwenye majibu tulienda sawa. Shida ilikuwa macho. Nikisimama kulia, alitazama juu ya kichwa changu. Nikisogea, alitazama bega. Mwongozaji wetu, ambaye tulimwita Mama Saa kwa sababu hakuna aliyewahi kuchelewa mbele yake mara mbili, alivumilia wiki tatu. Alhamisi akasema watazamaji hawaoni ndugu wanaoagana, wanaona watu wawili waliopishana kituoni. Macho yasipokutana kwenye onyesho la Jumamosi mchana, angemrekodi mwigizaji mwingine badala ya kaka.

Nilichukua ufagio nikafagia jukwaa lililokwisha kufagiliwa. Simu za kaka zilikuwa zimepungua, kutoka kila jioni hadi Jumapili, kutoka Jumapili hadi "nitakupigia". Kitambaa kile ndicho kilikuwa mahali pekee alipokuwa bado anaongea nami kila siku.

Miwani, fundi wa projekta, alinikuta nimekaa kwenye ngazi za jukwaa. Akataka kujua siku ya kurekodi kaka alikuwa anamtazama nani, maana kwa kawaida mwenzako husimama kando ya kamera akusomee maneno yake. Ilinibidi niseme ukweli. Sikuwepo. Nilikuwa nimenuna kwa sababu anaondoka, nikajifungia chumbani nikisingizia kichwa, ili ajue ameniumiza.

Nikampigia. Alipokea mara ya tatu, huku nyuma yake mashine zikinguruma.

"Kaka, siku ile ulikuwa unatazama nini?"

"Utepe, mdogo wangu. Niliubandika kwenye mpini wa ufagio nikausimamisha kando ya kamera. Ulikuwa mrefu kuliko wewe, lakini angalau haukuninunia."

Nilicheka. Nikamwomba msamaha. Akasema yamepita, akanieleza ufagio ulisimama wapi, na kabla sijaongeza neno akaitwa kazini.

Ufagio ulikuwa ule ule niliofagilia Alhamisi. Utepe bado uling'ang'ania karibu na ncha ya mpini. Miezi yote ile nilikuwa nadhani umefunga ufa. Jumamosi asubuhi tuliusimamisha jukwaani, tukausogeza huku na huku mpaka Miwani, aliyekaa kwenye viti vya watazamaji, akasema hapo hapo. Nikapanda juu ya kasha la mbao ili macho yangu yafike kwenye utepe.

Ikabaki zamu yangu ya kutazama. Kwa karibu uso wa kaka si uso. Ni chembe za mwanga zinazotetemeka, na nikikisia macho yake yalipo, kutoka vitini naonekana namwangalia sikio. Miwani akabandika kipande cha utepe mwekundu pembeni mwa kitambaa, akaniambia nitazame hapo, nisihangaike na kaka.

Mchana ukumbi ulijaa nusu. Kaka alipofika kwenye maneno yake, "Nitazame vizuri, nisije nikakusahau," nilitazama utepe. Mtu wa mstari wa mbele akapenga kamasi. Kando ya jukwaa Mama Saa, ambaye hasifu, alitikisa kichwa kukubali.

Wote waliona ndugu wawili wanaangaliana. Mimi peke yangu sikuona. Niliona utepe, kama yeye alivyouona siku ile katika ukumbi huu huu, akiusemesha kwa upole wote ule. Na alipomaliza alinyamaza, akaacha sekunde kumi na moja kamili kwa ajili ya jibu langu, wakati hapakuwa na mtu wa kujibu.

Nikajibu, polepole, mpaka sekunde zote zikajaa.