Maji ya Siku ya Waziri

Kamba iliisha kabla ndoo haijafika. Sukhrani akavua mtandio wake, akaufunga mwishoni mwa kamba, akashusha tena, na safari hii akasikia ndoo ikikwaruza mwamba. Alichovuta juu kilikuwa maji ya rangi ya chai ya maziwa, hayafiki nusu ya ndoo, na mchanga ndani yake. Akayachuja kwa kitambaa hadi mtungini, akampisha aliyemfuata. Nyuma yao foleni ya wanawake wa mtaa wa chini ilikuwa imefika kwenye mwarobaini. Ilikuwa Mei, jua halijachomoza, na mawe ya kisima tayari yalikuwa na joto.

Kijiji cha Kusmaha kilikuwa na maji mengine. Kulikuwa na pampu ya mkono karibu na hekalu, mtaa wa juu. Lakini mwanamke wa ukoo wa Ahirwar, tabaka la chini ambalo ndilo la Sukhrani na mtaa wake, hakugusa mpini wa pampu ile. Aliweka mtungi wake chini, akasogea mbali, akangoja mwanamke wa mtaa wa juu mwenye nafasi na roho nzuri ampampie. Mwezi wa Mei roho nzuri huwa adimu. Hapakuwa na sheria iliyoandika hivyo, wala hakuna aliyehitaji kuiandika.

Tena kulikuwa na mabomba. Serikali ilikuwa imefukia mipira ya maji kijiji kizima na kusimamisha bomba la buluu mbele ya kila mlango. Mkandarasi alipiga picha, akaondoka. Maji hayakuja siku hiyo wala baada yake. Gendarani, mama mkwe wa Sukhrani, alikuwa akifungia ndama wa nyati kwenye bomba lao, akisema angalau lina kazi.

Pale kisimani ndipo wanawake walipozungumza mambo ya nchi, kwa kuwa kusubiri kulikuwa kurefu. Sukhrani alikuwa amesoma hadi darasa la nane alipokuwa kwa wazazi wake, na hakuwa na breki mdomoni. Alisema serikali inawagawia ngano ya bure kila mwezi na kuitangaza hadi kwenye magunia, lakini nani amewahi kukanda unga kwa mate? Alisema vijana wanaambiwa wasome, wakisoma mitihani inauzwa, mwisho wanapanda treni kwenda kujenga maghorofa ya watu. Wenzake wakacheka. Jirani yake Jamuna akamwambia apunguze sauti, kuta zina masikio.

"Hapa hakuna kuta," Sukhrani akasema. "Hata choo walichotujengea kina pande tatu tu."

Siku ile ile, jioni, mwenyekiti wa kijiji Devicharan alifika nyumbani kwa Sukhrani na mgeni. Alikuwa Bwana Saxena, afisa wa maendeleo kutoka mjini, mwenye shati lililopigwa pasi na kitambaa cha kujifutia shingo. Alikaa kwenye kitanda cha kamba, akakataa maji aliyopewa. Waziri, akaeleza, angezungumza kwa televisheni na wananchi walionufaika na mradi wa maji. Kutoka wilaya hii angezungumza na mtu mmoja. Nyumba ya Sukhrani ilikuwa kando ya barabara, na yeye alikuwa na lugha safi.

"Waziri atakuuliza maisha yamebadilika vipi," Saxena akasema. "Utajibu: zamani nilitembea mbali na mtungi kichwani, sasa maji yamenifuata jikoni. Basi."

"Na maji yenyewe yako wapi, bwana mkubwa?"

"Siku hiyo yatakuwepo."

"Na kesho yake?"

Devicharan akakohoa. "Mke wa mwanetu, mtu akikuletea kitoweo humuulizi cha kesho."

Saxena hakukasirika. Aliinua macho akalitazama paa la nyasi lililobonyea katikati, kisha akamuuliza mwenyekiti, kama anayekumbuka jambo dogo, "Ndiye huyu aliyeomba nyumba ya matofali ya serikali?"

Devicharan akasema ndiye. Mama mkwe, aliyekuwa kimya kwenye kona yake, akamgusa Sukhrani mguu. Sukhrani akakubali. Alifikiri kwamba maji yakija, hata ya siku moja, atafua mablanketi ya mama mkwe na kumwogesha ndama.

Siku ya waziri walimleta fundi, wakalipaka bomba rangi upya. Lori la maji liliegeshwa nyuma ya ukuta wa shule, na mpira wake ukafukiwa kwenye vumbi hadi nyumbani kwa Sukhrani, ukafunikwa kwa majani. Hema likapigwa, televisheni kubwa ikawekwa kivulini. Sukhrani alivalishwa sari ya manjano ya mke wa mwenyekiti, ambaye alishasema haitaki tena ikishavaliwa na mtu wa mtaa wa chini.

Maji yalipofunguliwa kwa majaribio, wanawake wa mtaa wa chini walikuja mbio na mitungi. Askari wakawasimamisha nyuma ya kamba. Bomba likaachwa wazi ili mpiga picha apime mwanga. Maji yakatoka meupe, yenye nguvu, yakajaa kisahani cha saruji, yakamwagika, yakashuka kwenye mtaro kuelekea barabarani. Sukhrani akamwendea Saxena, akamwomba wenzake waruhusiwe kukinga huku wakisubiri.

"Mitungi inaharibu picha," Saxena akasema bila kumtazama.

Akarudi kusimama kando ya bomba. Nyuma ya kamba Jamuna alikuwa amekaza macho kwenye mtaro.

Waziri alitokea kwenye televisheni, mzee mwenye uso mpole na shali begani. Alimwita Sukhrani dada, akamuuliza maisha yamebadilika vipi. Sukhrani akasema maneno aliyofundishwa, neno kwa neno. Watu waliokaa na waziri huko alikokuwa wakapiga makofi. Saxena akavuta pumzi. Lakini waziri alikuwa amefurahi, na furaha ikamfanya aongeze swali ambalo hakuna aliyelipanga.

"Na yanatoka kila siku, dada?"

Kando ya kamera Saxena alikuwa akimwashiria kwa kichwa kwamba ndiyo, ndiyo.

"Yametoka leo, mheshimiwa," Sukhrani akasema. "Yameletwa na lori, limefichwa nyuma ya ukuta wa shule. Kesho nitarudi kisimani kukwangua matope. Mimi nilikupigia kura, kwa hiyo nakuuliza wewe, simuulizi mwingine: hili bomba mmetujengea sisi tunywe, au mmelijengea kamera?"

Uso wa waziri ukaganda mdomo ukiwa nusu wazi. Saxena alikuwa na waya mkononi. Mtu akatangaza kwamba mtandao umekatika. Dereva wa lori alipigiwa kelele aondoke, akaondoka kwa haraka hata hakuufungua mpira kwenye lori. Ukachomoka majanini, ukaburutwa barabarani nyuma ya lori ukitapika maji, na wanawake wakabaki wameshika mitungi wakitazama vumbi likigeuka tope.

Kesho yake mafundi waliling'oa bomba la Sukhrani. Lake tu. Mwisho wa mwezi, kwenye duka la kugawia ngano ya bure, ambalo lilikuwa la ndugu yake Devicharan, mashine ya alama za vidole haikukitambua kidole chake. Alijaribu vidole vyote, na mwenye duka akampa pole bila ngano. Devicharan alipita nyumba kwa nyumba akieleza kwamba mashine ya kuvuta maji ya kijiji ilikuwa njiani, imebaki kutiwa sahihi, na mwanamke mmoja ameitema kwa mdomo wake. Watu walimwamini kwa sababu walitaka iwe kweli. Jamuna akaacha kumgongea alfajiri waende pamoja kisimani.

Mumewe, Halke, alipiga simu kutoka Surat, mji wa mbali alikofanya kazi kwenye kiwanda cha nguo. Video ya maneno yake kwa waziri imefika huko, alisema, wenzake wamempongeza, lakini msimamizi amemtazama kwa jicho baya. Akamsihi aombe radhi, yaishe.

"Nitamwomba nani?" Sukhrani akauliza. "Waziri aliuliza swali, nikamjibu. Ubaya wangu ni nini?"

Halke akasema ubaya wake anaujua, ni kwamba wao ni maskini. Sukhrani akamwambia hilo si kosa lake, tena wala si siri.

Polisi wawili walimjia asubuhi wakati anatengeneza mikate ya kinyesi cha nyati ya kuwashia moto. Walimruhusu anawe, na kwa kuwa maji hayakuwepo, akajifuta kwa majivu. Kituoni alikalishwa sakafuni mbele ya meza ya mkuu wa kituo, Tomar. Ameshtakiwa, akaambiwa, kwa kuzuia watumishi wa umma wasifanye kazi yao.

"Kazi gani niliizuia?"

Tomar alikuwa mtu mzima, mwenye uchovu wa mtu ambaye hapendi kelele. Alimweleza kwa upole kuwa kesi kama hii inaweza kutembea miaka, na inaweza pia kuisha kabla ya chakula cha mchana. Askari mmoja atashika simu arekodi. Sukhrani aseme alichanganyikiwa, kwamba wapinzani walimtuma, na kwamba maji yapo.

"Chama gani kilikutuma?" akauliza.

"Hakuna. Nilikipigia kura chama chenu."

"Mimi sina chama."

"Basi kwa nini unataka niseme uongo wao?"

Askari mwenye simu akainamisha uso. Dirishani nyuma ya Tomar, uani, askari mwingine alikuwa akiosha gari la kituo kwa mpira. Maji yalipiga kioo, yakashuka kwenye magurudumu, yakaenda kwenye maua ya waridi na majani mabichi yaliyokatwa vizuri. Alipomaliza aliuacha mpira chini, unatiririka, akaenda kunywa chai.

"Fungeni kwanza bomba lile," Sukhrani akasema.

"Hapa maji hayakatiki," Tomar akasema. "Sema maneno, uende nyumbani."

"Sisemi."

Jua lilikuwa limepanda waliposikia kelele getini. Asubuhi ile kisima cha mtaa wa chini kilikuwa kimetoa tope tupu, na wanawake waliomwona Sukhrani akipandishwa gari la polisi walikuwa wamesimama pale na ndoo kavu. Nani alianza kutembea, baadaye hawakukubaliana. Walikuja kwa miguu hadi mjini na mitungi yao, na Jamuna alikuwa mbele. Askari wa geti alimuuliza wamefuata nini.

"Tumemfuata dada yetu," Jamuna akasema. "Na tukiwa hapa tutateka maji."

Kabla hajaamua kama hilo ni kosa, walishampita. Wakapanga mitungi kwenye majani mabichi. Jamuna akaokota mpira, akautia kwenye mtungi wa kwanza, na hakuna aliyemwambia asogee mbali, kwa sababu hakuna aliyeamini anachokiona. Sukhrani aliinuka sakafuni akasimama dirishani. Jamuna alimwona. Akahamisha mpira kwenye mtungi wa pili.

Tomar alitoka barazani. Akawaamuru waondoke. Wakamwambia wataondoka na Sukhrani. Akawaambia Sukhrani ataondoka wao wakishaondoka. Mwanamke mzee mmoja akamjibu, "Basi tukae, baba, sisi kusubiri ndiko tulikozaliwa." Wakakaa. Tomar alizitazama fimbo za askari wake, akaitazama mitungi, akawatazama vijana wa maduka ya ng'ambo ya barabara waliokwisha kuinua simu zao kuwarekodi. Kisha akaagiza koki kuu ifungwe.

Mpira ukakohoa, ukalegea mkononi mwa Jamuna. Jua lilikuwa kichwani. Wanawake walikaa kwenye majani, mitungi yao, mingi bado mitupu, mbele yao, na hakuna aliyenyanyuka. Ghorofani, kwenye makazi ya mkuu wa kituo, sauti ya mke wake ikaita kwamba maji yamekatika na yeye ana povu kichwani, nani amefunga maji. Ikaita tena. Tomar alisimama barazani, mikono nyuma, akiitazama mitungi.