Fulana ya Mtoto wa Miaka Arobaini na Moja

Kandida wa Nangara alimchana mwanawe Sosthenes ndevu zilizoanza kuingia mvi, akamvalisha shati la kanisani, wakaenda mjini kwenye kongamano. Mlangoni mwa ukumbi binti mmoja alimkabidhi Sosthenes fulana.

"Watoto wote wavae. Ni kwa ajili ya picha."

"Mwanangu ana miaka arobaini na moja," Kandida alisema.

"Mradi umeleta saizi za watoto tu, mama."

Fulana ikavaliwa juu ya shati, ikaishia juu ya kitovu. Ukutani bango liliandikwa: TUKO NA FAMILIA ZA WENYE HALI YA DOWN, MAISHA YOTE. Sosthenes alizaliwa na hali hiyo, inayochelewesha ukuaji wa akili. Kandida alilisoma bango, moyo ukamchangamka. Tangu mumewe afariki, magoti yake yalikuwa yanamsaliti, na Sosthenes alikuwa mzima wa afya. Alijua atamwacha. Amwache na nani?

Mgeni rasmi, Allen, mkurugenzi wa mradi, aliingia wakati watu wameshachoka kumsubiri, mpiga picha akimfuata nyuma. Akamwinamia Sosthenes, akamfinya shavu.

"Kazuri haka! Kako darasa la ngapi?"

Sosthenes aliutoa ule mkono. Aliongea taratibu, kama kawaida yake. "Una miaka mingapi?"

"Ishirini na tisa," Allen alijibu, akiitabasamia kamera.

"Mimi arobaini na moja. Niamkie."

Kicheko kikapasuka huko nyuma ya ukumbi. Allen alimtazama mpiga picha, akaona hana msaada.

"Shikamoo."

"Marahaba. Hujambo?"

Kandida alijifunika mdomo kwa kanga. Alitaka kumkanya mwanawe, lakini hakuona kosa lake liko wapi.

Zikafuata hotuba. Mmoja alishukuru wafadhili, mwingine akamshukuru aliyeshukuru. Ilipofika zamu ya maswali, Kandida alisimama.

"Bango linasema maisha yote. Nikifa mimi, huyu ataishi na nani?"

"Swali zuri sana, mama yangu," Allen alisema. "Ila tufafanue. Mtoto akishatimiza miaka kumi na minane, mradi haumhusu tena."

"Na hayo maisha yote?"

"Ni maisha yote ya mradi. Miaka miwili."

Watu wakapiga makofi, kwa mazoea tu. Wageni wakaelekea chumba cha pili, ambako pilau lilikuwa linanukia. Familia zililetewa soda.

Kandida aliketi, amechoka kuliko alivyokuja. Pembeni yake mama kijana wa Simanjiro, Naanyu, alikuwa akimnyonyesha mtoto mchanga. Mtoto alivuta kidogo, akaachia, akasinzia.

"Hana nguvu," Naanyu alisema. "Watu wanasema hataishi."

"Hata huyu wangu walimsema hivyo. Mshike kidevu, hivi. Usimharakishe. Na umpeleke hospitali wakampime moyo, usingoje augue."

Naanyu alimshika mtoto kidevu. Mtoto akavuta tena, safari hii akaendelea. Machozi yakamtoka yule mama, hakuyafuta.

Severine, mfugaji wa kuku wa Bonga aliyekuja na binti yake Careen, alisogeza kiti.

"Mama Sosthenes, nimelisikia swali lako, maana hata mimi nalala nalo. Mlete kwangu Jumatano. Anisaidie bandani, alale, azoee nyumba yetu wewe ukiwa hai. Na binti yangu aje kwako azoee vilevile."

Kandida alimgeukia mwanawe. "Umesikia? Utaenda?"

"Kuku wangapi?" Sosthenes aliuliza.

"Wengi."

"Nitaenda."

Jumatano ikafika, akaenda. Kandida alipika chakula cha watu wawili, akala peke yake, akajiona mjinga. Kesho yake Sosthenes alirudi na manyoya kichwani, amenuna.

"Ugali wa Baba Careen mbichi," alisema akivua viatu. "Jumatano ijayo napika mimi."